Uzi: Mwanafunzi wa Brazil ana maneno 3,000 kichwani, mbona swali la msamiati bado linampiga chenga?

#1 MwalimuWaSaaNane

Wakuu salaam. Swali langu ni kwa wanaofundisha Kiingereza mtandaoni vijana wa Brazil wanaojiandaa na mitihani ya kuingia jeshini, hasa wale wanaotaka uofisa wa anga kupitia EEAR, shule ya jeshi la anga.

Hali iko hivi. Mwanafunzi ana kadi 3,000 kwenye simu. Ukimwonyesha neno moja moja anataja maana kwa Kireno bila kusita. Mpe sasa mtihani wa mwaka uliopita, yale maswali ya "neno lililopigiwa mstari lina maana iliyo karibu na lipi", anapata nusu. Mifano miwili ya aina ya makosa:

"The deception worked." Machaguo: disappointment, trick, defeat, surprise. Anachagua disappointment.

"He hardly trains." Anasema huyu mtu anafanya mazoezi sana.

Dai langu: orodha za maneno hazina kazi, zitupwe, mwanafunzi asome matini tu mpaka siku ya mtihani. Mnasemaje?

#2 Kamusi_Mkoba

Usitupe orodha, mkuu. Ugonjwa uko kwenye maneno machache, na mfano wako wa kwanza umeutaja bila wewe kujua. Wabrazil wanaita *falsos cognatos*. Mimi nawaita mapacha wasio ndugu: sura moja, damu mbalimbali. "Decepção" ya Kireno ni kuvunjwa moyo. "Deception" ya Kiingereza ni hila. Kijana akiona neno anadhani analijua tangu utotoni, kwa hiyo halisomi tena.

Kwa anayeelekea jeshini, mapacha wa kuanza nao ni hawa. "Tenant" ni mpangaji wa nyumba, "tenente" ni luteni. "Casualty" ni aliyejeruhiwa au kuuawa, "casualidade" ni jambo la bahati nasibu. "Injury" ni jeraha, "injúria" ni tusi. "Policy" ni sera, "polícia" ni polisi. "Ordnance" ni silaha na risasi, "ordenança" ni askari anayemhudumia ofisa. "Retire" ni kustaafu, "retirar" ni kuondoa kitu. Halafu wa kila siku: "pretend" kujifanya na "pretender" kukusudia, "attend" kuhudhuria na "atender" kuhudumia au kupokea simu, "parents" wazazi na "parentes" jamaa, "library" maktaba na "livraria" duka la vitabu. "Push" ndiyo balaa, maana "puxar" hutamkwa karibu sawa na "push" na maana yake ni kuvuta.

Anayewazidi wote kwa ubaya ni "inhabitable". Kwa Kiingereza ni mahali panapokalika. "Inabitável" ya Kireno ni mahali pasipokalika. Hapo maana imegeuka kichwa chini miguu juu.

Namna ya kuandika kadi: usiweke "deception = engano" ukaishia hapo. Mbele weka sentensi nzima ya Kiingereza. Nyuma weka mistari miwili: maana sahihi kwa Kireno, na chini yake pacha wa Kireno pamoja na neno lake halisi la Kiingereza. Yaani "deception → engano", halafu "decepção → disappointment". Bila mstari wa pili, mwanafunzi anajua neno halimaanishi alichodhani, lakini wazo lake la zamani linabaki halina pa kwenda na litarudi siku ya mtihani.

#3 NdegeTai

Kabla hatujaenda mbali, nirekebishe #1. EEAR haitoi maofisa. Ile shule ya Guaratinguetá, jimbo la São Paulo, inatoa masajini wataalamu wa jeshi la anga. Wanaotaka uofisa wa anga wanakwenda AFA, Pirassununga. Wadogo wa umri wa sekondari wanaanzia EPCAR, Barbacena, kisha wanaendelea AFA. Jeshi la nchi kavu lina EsPCEx kule Campinas kwa watakaokuwa maofisa, na ESA kule Três Corações kwa masajini. Wanamaji wana Colégio Naval pale Angra dos Reis na Escola Naval pale Rio.

Nalisema hili kwa sababu uzito wa Kiingereza unatofautiana, na mwanafunzi anapaswa kugawa muda kulingana nao. EEAR ya miaka ya karibuni ina maswali 96, na 24 ni ya Kiingereza. AFA ina 64, na 16 ni ya Kiingereza. Yote mawili ni robo ya mtihani. EsPCEx ina maswali ya kuchagua 100 kwa siku mbili, Kiingereza 12 tu. Anayekwenda Campinas akimaliza jioni zake zote kwenye kadi za Kiingereza huku hesabu inamsubiri, mwalimu wake amemponza.

Na kila mwaka asome *edital*, yaani tangazo rasmi la mtihani, neno kwa neno. Idadi ya maswali, alama ya chini kwa kila somo na orodha ya mada vyote vimo humo, na hubadilika.

#4 Pwani_Kwetu

Três Corações si ndiko alikozaliwa Pelé, 1940? Kumbe masajini wanapikwa mji wa mfalme. Haya, endeleeni na somo, nimekaa pembeni.

#5 Shina_na_Mizizi

Kamusi_Mkoba nakuheshimu, lakini mapacha wako ni sehemu ndogo ya tatizo. Mfano wa pili wa #1, "hardly", hauna pacha yeyote wa Kireno. Mwanafunzi alikosa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo naiona kubwa zaidi.

Kireno ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza nacho kimebeba mzigo mkubwa wa Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo kijana wa Brazil anapata maelfu ya maneno bure. Neno linaloishia "-ção" kwao mara nyingi ni "-tion" kwa Kiingereza. "-dade" ni "-ty". "-mente" ni "-ly". "-oso" ni "-ous". "-ência" ni "-ence". "-ável" ni "-able". Ile orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, inawatesa wanafunzi wa Kichina na hata wetu wa Kiswahili. Mbrazil anaisoma kama gazeti la kwao.

Sasa angalia kadi 3,000 za huyo mwanafunzi. Ngapi ni "nation", "possible", "hospital", "information"? Hizo hakujifunza, alizaliwa nazo. Zimejaza hesabu na kumpa moyo wa bure. Maneno yanayomwangusha ni mafupi, ya asili ya Kijerumani, yasiyo na ndugu Brazil: shallow, blunt, dull, steep, narrow, seldom, thorough, hardly, barely, unless, though, yet, whether. Neno refu halimtishi. Neno la herufi nne ndilo linalomlaza.

"Hardly" lina mtego wa ziada. Anajua "hard", anajua kanuni ya "-mente" kuwa "-ly", anaunganisha, anapata "kwa bidii". Kumbe "hard" yenyewe ndiyo "kwa bidii" na "hardly" ni "karibu hapana". Mwenzake ni "late" na "lately".

#6 MwalimuWaSaaNane

NdegeTai asante kwa kunisahihisha. Shina_na_Mizizi, utenganishaji huo unafanyikaje kwa kadi 3,000? Kipindi kinaanza saa mbili usiku kwa saa za Brasília, hapa ni saa nane usiku, na ni dakika 50 tu. Siwezi kupitia kadi moja moja naye.

#7 Shina_na_Mizizi

Hufanyi na yeye, anafanya peke yake siku mbili tatu. Toa orodha yote kwenye jedwali, safu ya Kiingereza peke yake, Kireno kifichwe. Apitie na aweke alama tatu. Alama ya kwanza: linafanana na neno la Kireno na lina maana ileile. Ya pili: linafanana lakini maana si hiyo. Ya tatu: halifanani na chochote. Akishamaliza, Kireno kifunuliwe na arekebishe alama, hasa ya kwanza, maana hapo ndipo mapacha wa Kamusi_Mkoba wamejificha.

Kundi la kwanza lisimamishwe lote. Asilifute, alisimamishe tu. Kundi la pili litengenezwe upya kama #2 alivyoeleza. Kundi la tatu ndilo kazi yake ya kila siku.

Msistuke akibakiwa na kadi chache kuliko mlivyotarajia. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha alichokuwa anakijua.

#8 KijitiChaMwisho

Mnazunguka jambo ambalo kila anayesahihisha mitihani hii analiona: vitenzi vinavyobeba kijineno nyuma. Put off, call off, carry out, turn down. Kireno hakina mtindo huo. Mbrazil anasoma "put" anaijua, anasoma "off" anaijua kidogo, anajumlisha na kupata kitu kisichokuwepo.

Dawa yake inatoka kwa Shina_na_Mizizi bila yeye kuitaja. Mtunga swali akitaka kisawe cha kitenzi cha namna hii, mara nyingi anachukua neno la Kilatini. Na neno la Kilatini Mbrazil analo tayari. Kwa hiyo kadi isiwe Kiingereza kwa Kireno, iwe Kiingereza kwa Kiingereza:

put off → postpone
call off → cancel
put out → extinguish
put up with → tolerate
carry out → execute
look into → investigate
turn down → reject
find out → discover
make up → invent

Upande wa kulia Mbrazil anasoma bila msaada: cancelar, extinguir, tolerar, executar, investigar, rejeitar. "Discover" naye ni "descobrir" kasoro herufi chache. Kadi inakuwa na sura ya swali la mtihani wenyewe.

Tahadhari moja. Usimpe "put off", "put out" na "put up with" siku moja. Maneno yanayofanana sura yakiingia pamoja yanagongana, na mwezi mzima atakuwa anaahirisha moto na kuzima mikutano. Mpe "put off" wiki hii, "put out" wiki ya tatu, lile la kwanza likishakaa.

#9 Kamusi_Mkoba

Nakubali visawe vya Kilatini, ila mbinu ina tundu. "Make up" ni kubuni, ni kupatana baada ya ugomvi, ni kuunda sehemu ya kitu, ni kujipamba pia. Ukiandika "make up → invent" peke yake, kijana ataweka "invent" kwenye kila sentensi. Kila maana iwe na kadi yake na sentensi yake. "She made up an excuse." "They made up after the fight." "Women make up half of the class." Kitenzi kimoja, kadi tatu, tarehe tatu tofauti.

Na kuhusu kutofundisha yanayofanana siku moja: kwa vitenzi hivi sawa. Kwa mapacha wangu hapana. Pacha wa Kireno tayari yumo kichwani miaka 17, huwezi kumwambia asubiri wiki ya tatu.

#10 BintiMrima

Kuna kundi ambalo hamjaligusa, na nadhani sisi waalimu wa Kiswahili ndio tunaoliruka kwa sababu kwetu si tatizo.

Kireno kina neno moja pale Kiingereza kinapodai mawili au matatu. "Esperar" ni wait, hope na expect. Mbrazil anauliza tofauti iko wapi. Msemaji wa Kiswahili haulizi, kwa sababu ana kusubiri, kutumaini na kutarajia, kila kimoja mahali pake. "Lembrar" ni remember na remind. Sisi tuna kukumbuka na kukumbusha, kiambishi kinafanya kazi yote. "Emprestar" ni lend, na kwa borrow wanalazimika kusema "pegar emprestado", ndiyo maana wanachanganya. Sisi tuna kukopa na kukopesha. "Ganhar" ni win na earn. "Perder" ni lose, miss na waste: kupoteza ufunguo, kukosa basi, kupoteza muda.

Mtunga mtihani anaweka lend na borrow kwenye machaguo manne ya swali moja. Kwenye orodha ya kadi zote mbili zimeandikwa "emprestar", mwanafunzi anapata vema zote mbili kila siku na kukosa swali. Hapo ndipo maneno 3,000 ya #1 yanapovujia. Kadi inasema anajua, na kwa kipimo cha kadi ni kweli anajua.

Tiba: neno lolote la Kireno linalojirudia upande wa nyuma zaidi ya mara moja litafutwe. Panga jedwali kwa alfabeti kwa safu ya Kireno, yanayojirudia yatakaa jirani. Kila kundi lifanyiwe kadi ya kujaza pengo: "Can you ___ me your pen?" yenye machaguo lend, borrow, remind, remember.

#11 Pwani_Kwetu

Hapo kwenye kukopa na kukopesha umenikosha, BintiMrima. Kumbe kinyambuo chetu ni mali.

#12 NdegeTai

Ni mali, lakini kisitulevye. Sisi tunasema "kusoma" kwa read na kwa study. Mbrazil ana "ler" na "estudar", hapati shida hata chembe. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kutumia kipindi kizima kwenye tofauti hiyo kwa sababu inamuuma yeye, mwanafunzi anakaa anashangaa. Kila somo lipimwe kwa lugha ya mwanafunzi.

Vihusishi navyo ni vivyo hivyo. "Depender de", kwa Kiingereza ni depend on. "Pensar em" ni think about. "Sonhar com" ni dream of au about. "Casado com" ni married to. "Consistir em" ni consist of. Hivi havina sababu ya kueleza, vishikwe tu kitenzi na kihusishi chake kama neno moja.

#13 HesabuKwanza

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kadi ngapi kwa siku na wiki ngapi zimebaki?

Anki, ile programu ya kadi za kukariri, inakuja na mpangilio wa kadi mpya 20 kwa siku. Kanuni ya mkononi ni kwamba marudio ya kila siku hufika mara saba hadi kumi ya kadi mpya. Kwa 20 ni marudio 140 hadi 200. Kijana mwenye hesabu, fizikia na Kireno juu yake ataruka Jumamosi, Jumapili atakuta 350, Jumatatu ataanza kubonyeza "nimepata" bila kusoma. Kuanzia hapo takwimu za kadi ni uongo. Ndiyo maana anajua 3,000 na hajui.

Weka 12 mpya kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni 72 kwa wiki. Kwa wiki 16 ni 1,152. Marudio yatazunguka mia moja kwa siku, na kwa sekunde 8 kila kadi ni kama dakika 13. Hizo anazimudu hata kwenye basi. Wiki tatu za mwisho, baada ya hizo 16, kadi mpya sifuri.

Kadi iliyomshinda mara nane Anki huiwekea alama, na ukiipangia hivyo huisimamisha. Wengi wanairudisha vilevile ilivyo. Kosa. Kadi inayoshindikana mara nane imeandikwa vibaya: aidha ina maana mbili, au haina sentensi, au ina jirani anayefanana naye. Iandikwe upya au ifutwe.

Jingine: mtihani ni wa kuchagua. Hauulizi mwanafunzi atoe neno, unauliza alitambue. Kadi za kutoka Kireno kwenda Kiingereza zinakula nusu ya muda kwa ujuzi usiopimwa. Zima upande huo wote.

#14 KijitiChaMwisho

Upande huo usizimwe wote. Swali la kujaza pengo linalohitaji kihusishi, kama alivyosema NdegeTai, linadai mtu awe na jibu kabla hajaangalia machaguo. Akiangalia kwanza, "of" itamvuta kwa sababu inafanana na "de" ya kwao. Vihusishi na kundi la BintiMrima vibaki pande zote mbili. Mengine sawa, zima.

#15 MwaniWaPemba

Salaam kutoka Pemba. Haya yote ni ya Brazil. Huku Msumbiji nako vijana wanasoma Kireno shuleni na wengine wanaitamani Academia Militar Marechal Samora Machel ya Nampula. Je, kadi za Kibrazil zinawafaa?

#16 Pwani_Kwetu

Pemba ipi mkuu, ya karafuu au ya Cabo Delgado?

#17 MwaniWaPemba

Ya Cabo Delgado. Ya karafuu tunaisalimu.

#18 Kamusi_Mkoba

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Hazifai zilivyo. Kireno cha Msumbiji kinafuata cha Ureno kwenye msamiati mwingi, na mapacha wanabadilika ukivuka bahari.

Chukua "convoy". Brazil "comboio" ni msafara wa magari au meli, kwa hiyo ni ndugu wa kweli wa "convoy". Msumbiji na Ureno "comboio" kwanza ni treni, ambayo Brazil wanaita "trem". Neno lilelile ni msaada Pirassununga na mtego Nampula. "Fato" kwa Mbrazil ni jambo la kweli, sawa na "fact". Ureno "fato" ni suti, na ukweli huandikwa "facto" yenye c. Basi la abiria Brazil ni "ônibus", kwenu ni "autocarro". Kijana wa Nampula akikuta nyuma ya kadi "bus = ônibus" atapoteza muda akitafsiri tafsiri.

Kwa hiyo: mbele ya kadi libaki kama lilivyo, nyuma ipitiwe na mtu wa Msumbiji. Na kundi la mapacha lijengwe upya kabisa.

#19 BintiMrima

Na "cabo" kwenye jeshi la Kireno ni koplo. Jimbo la ndugu yetu hapo juu ni Rasi Nyembamba. Mapacha ndani ya lugha moja.

#20 Pwani_Kwetu

Hata sisi tuliwahi kuangukia humo humo. "Gereza" letu limetoka kwa "igreja" ya Kireno, na igreja ni kanisa. Mbrazil akijifunza Kiswahili, hilo ni swali la mtihani kamili.

#21 Shina_na_Mizizi

Na "meza", "bendera", "kasha", "leso" na "parafujo" ni ndugu wa kweli wa mesa, bandeira, caixa, lenço, parafuso. Ukimwonyesha mwanafunzi wa Brazil haya dakika tano za mwanzo wa kipindi, anaelewa tofauti ya ndugu na pacha bandia bila nadharia. Turudi kwenye mtihani.

#22 Mlinzi_Lango

Mbona hakuna aliyetaja msamiati wa kijeshi wenyewe? Platoon, squad, battalion, enlist, private, corporal. Mtihani wa jeshi bila maneno ya jeshi?

#23 NdegeTai

Kwa sababu matini za mitihani hii kwa sehemu kubwa ni za kawaida: afya, teknolojia, mazingira, tabia za watu, habari. Na msamiati wa kijeshi kwa Mbrazil ni wa bure: battalion ni batalhão, platoon ni pelotão, captain ni capitão, enlist ni alistar. Yanayodai kazi ni machache. "Private" kama cheo ni askari wa ngazi ya chini kabisa, hakuna faragha hapo. "Corps" ni kikosi, wala si maiti. Jioni moja yanaisha.

#24 Mlinzi_Lango

Kwa anayetaka kuongoza ndege angani nadhani unapunguza mno. Akishaingia EEAR kwenye fani hiyo Kiingereza ndicho kitendea kazi.

#25 NdegeTai

Akishaingia. Uzi unahusu kuingia.

#26 HesabuKwanza

Kwenye chumba cha mtihani nako tumepita haraka. Mbinu nne kwa swali la kisawe. Asome sentensi nzima na moja iliyotangulia kabla ya kuangalia machaguo. Aandike pembeni neno lake mwenyewe, hata kwa Kireno. Aondoe machaguo ambayo si aina ileile ya neno, maana nomino haikai pa kitenzi. Kisha achomeke lililobaki ndani ya sentensi na kuisoma upya.

EEAR na AFA zina machaguo manne, EsPCEx yana matano. Kwa maswali 16 ya AFA, anayebahatisha tupu hutarajia 4. Akiweza kuondoa mawili kila swali, hutarajia 8. Kuondoa ni ujuzi, ufanyiwe mazoezi: ampe mwalimu sababu ya kila chaguo alilolikataa.

Na kanuni nyepesi: chaguo linalofanana na Kireno ni chambo, likataliwe.

#27 Kamusi_Mkoba

Kanuni hiyo ya mwisho ni hatari, ndugu. Ndugu wa kweli ni wengi kuliko mapacha bandia. "Put off" jibu lake ni "postpone", nalo ni Kilatini kitupu. Anayekataa kila kinachofanana na Kireno atakataa majibu sahihi mengi kuliko mitego. Chaguo linalofanana likaguliwe dhidi ya orodha ya mapacha anayoijua kwa moyo. Likiwa halimo, aliamini.

#28 HesabuKwanza

Hiyo inadai orodha ijulikane kwa moyo. Kwa mwenye wiki nne tu, kanuni yangu bado ina faida.

#29 Kamusi_Mkoba

Mwenye wiki nne anajifunza mapacha watano kwa siku, wiki nne ni 140. Wanatosha.

#30 MwalimuWaSaaNane

Wakuu nimenufaika. Dai la kutupa orodha nimeliondoa. Nimeandaa maswali matatu ya kipindi cha kesho, nionyesheni kasoro kabla sijayatuma.

1. "The officer attended the ceremony." helped / was present at / answered / waited for
2. "Eventually, the pilot found the runway." sometimes / by chance / in the end / soon
3. "The sergeant is sensible." delicate / reasonable / emotional / aware

#31 KijitiChaMwisho

La 1 zuri, "answered" na "helped" zinamvuta mwenye "atender". La 2 zuri pia, "eventualmente" ya kwao ni mara mojamoja, kwa hiyo "sometimes" ndiyo chambo na "in the end" ndiyo jibu.

#32 BintiMrima

La 3 lina kasoro. "Sensible of" kwenye Kiingereza cha zamani ni kutambua jambo, kwa hiyo mwanafunzi msomaji ataitetea "aware" na atakuwa na hoja.

#33 Kamusi_Mkoba

Hakuna "of" kwenye sentensi. "Reasonable" peke yake ndiyo jibu.

#34 BintiMrima

Kwenye mtihani halisi mtu angekata rufaa. Wanazo siku za kukata rufaa baada ya majibu ya awali kutoka, na swali lenye majibu mawili hufutwa.

#35 Shina_na_Mizizi

Weka "proud" badala ya "aware". "Delicate" na "emotional" zibaki, hizo ndizo "sensível" ya kwao. Na urefushe sentensi: "The sergeant is sensible and never takes foolish risks." Bila nusu ya pili hakuna cha kukagulia.

#36 MwalimuWaSaaNane

Nimebadilisha. La 1 nalo nalirefusha: "The officer attended the ceremony and sat in the front row."